Riziki ya Mvuvi na Riziki ya Mcheza Poka

Wapo watu wanaoishi kwa poka kama wengine wanavyoishi kwa uvuvi au duka, na utetezi wao mkubwa ni kwamba kazi yao ni ujuzi, si bahati. Utetezi huo una nguvu kuliko wahubiri wengi wanavyokubali. Mwaka 2017, huko Pittsburgh nchini Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus ilicheza mizunguko 120,000 ya karata dhidi ya wachezaji wanne wanaoishi kwa poka, ikawashinda wote. Bahati tupu haileti matokeo ya namna hiyo. Basi anayeiharimisha poka kwa sababu ya bahati peke yake ameshika hoja dhaifu, na hapa Rumonge, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, hoja hiyo itamgeukia. Mvuvi wa ndagala, yaani dagaa wa ziwa, naye hutoka jioni asijue atarudi na nini. Hufunga mitumbwi pamoja, huwasha taa samaki wapande juu, anajua kuwa usiku wa mbalamwezi taa hazivuti kitu, na bado zipo alfajiri anazorudi na wavu mtupu na mafuta yameshateketea. Ujuzi upo, bahati ipo, na hakuna dini inayomwita mcheza kamari.

Tofauti iko mahali pato linapotoka. Mvuvi akipata, ziwa ndilo limetoa: ndagala wataanikwa, watauzwa, watapanda hadi milimani, na kila anayenunua ataondoka na chakula. Hata muuza mawese anayeijua bei kuliko mteja wake humwachia mafuta chupani. Mezani pa poka hakizaliwi kitu. Kila faranga ya mshindi imetoka mfukoni mwa mwenzake, na mwenye kasino ameshakata sehemu yake, kwa hiyo waliokaa pale, ukiwajumlisha, lazima waondoke na pungufu ya walichokuja nacho. Ujuzi haubadili hesabu hiyo. Unaamua tu nani atapoteza, naye ni yule asiyejua. Kadiri poka inavyozidi kuwa ujuzi ndivyo anayeishi kwayo anavyozidi kuwategemea wasiojua, tena anawahitaji warudi kesho. Mtu atasema wavuvi nao hunyang'anyana, kwani samaki aliyevuliwa na huyu hatavuliwa na yule. Ni kweli, na ndiyo maana mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei. Lakini ziwa likipumzishwa huzaa. Meza ya kamari hata ikifungwa mwaka mzima haiongezi kitu.

Wengine hujibu kwamba wachezaji wameridhiana. Sura An-Nisaa ya Kurani, aya ya 29, inayataja maridhiano, ila ni maridhiano ya biashara, ambamo muuzaji na mnunuzi wote wanayataka matokeo. Mezani wanaridhia kucheza. Hakuna anayeridhia kushindwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ibara ya 2413, ni pole zaidi: haiukatai mchezo wa bahati wenyewe, inaukataa pale unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Naiheshimu tahadhari hiyo. Lakini kwenye mwambao huu, ambako fedha iliyo mfukoni mara nyingi ndiyo karo ya mtoto au mafuta ya taa za usiku ujao, Mkatoliki na Mwislamu wanakaribiana sana.

Utetezi mgumu kuliko yote ni wa sadaka. Barry Greenstein, mcheza poka wa Marekani, amejulikana kwa kutoa ushindi wake wa mashindano kuwasaidia watoto maskini. Jambo hilo si geni. Wafasiri wa Kurani wanaeleza kwamba Waarabu wa kabla ya Uislamu walipiga kura kwa mishale juu ya nyama ya ngamia, na washindi wakawagawia mafukara. Ndiyo maana Al-Baqara, aya ya 219, haikani kwamba kamari ina manufaa kwa watu. Inayakiri, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Hukumu haikuisamehe kamari yenye ukarimu. Fukara aliyekula nyama ile alishiba kweli, lakini waliomlipia ngamia hawakutoa sadaka, walishindwa. Kwa Greenstein ni vivyo hivyo: anayeshukuriwa ni yeye, na fedha ni za waliokaa naye mezani.