Udongo Kabla na Baada ya Tanuri

Mwanafunzi wa sanaa wa sekondari anayeanza ufinyanzi huja akiamini kwamba umbo limo kichwani mwake na udongo unangoja tu kulipokea. Imani hiyo ni kongwe: Aristotle alifundisha kwamba kila kitu cha kimaumbile ni maada iliyopewa umbo. Wiki za mwanzo za somo huitikisa. Chungu chenye ukuta mnene huku na mwembamba kule hukauka kwa kasi mbili, kikajivuta hadi kikapasuka. Mwanafalsafa Mfaransa Gilbert Simondon alimpinga Aristotle kwa mfano wa tofali: udongo una nguvu zake, na kalibu huziwekea mpaka tu.

Dini zimeuliza swali zito zaidi: chungu kina neno gani mbele ya aliyekifinyanga? Paulo, katika Warumi 9, humnyamazisha mlalamikaji. Yeremia ana undani zaidi. Katika sura ya 18 chombo chaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye akafinyanga kingine kwa udongo uleule. Katika sura ya 19 gudulia lavunjwa, wala haliungiki tena. Wahubiri huipenda ya kwanza wakaisahau ya pili.

Kati ya sura hizo mbili pana tanuri. Udongo mkavu, hata wa miezi, ukiloweshwa hurudi kuwa tope. Ukifika kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, maji yaliyofungamana na chembe zenyewe hutoka, na baada ya hapo hakuna maji yatakayoulainisha. Kwa mfinyanzi, basi, swali hilo la dini, la hiari ya chungu, ni swali la wakati: udongo hujibu ungali mbichi. Mwalimu anayekiingiza chungu tanurini kwa haraka huuona uzito wa wakati mapema zaidi, maana unyevu uliosalia hugeuka mvuke na kukilipua chungu. (Wengi husingizia viputo vya hewa, mkosaji ni mvuke.)

Qurani, katika Sura ya Ar-Rahman, inasema mtu aliumbwa kwa udongo mkavu utoao sauti kama vyombo vya mfinyanzi. Darasani sauti hiyo ndiyo kipimo. Chungu kilichoiva hugongwa kwa kucha kikalia. Chenye ufa hutoa mlio mfu.

Vigae vya vyungu vilivyovunjika havitupwi. Husagwa vikachanganywa na udongo mbichi, ili chungu kipya kisipasuke kikikauka.