Karata Haisemi Kitu

Kwa wazee wa Kichokwe wa huku Kisenge, nchini Kongo, hakuna kitu kinachoanguka ovyo. Mwaguzi wao, tahi, huutikisa ngombo, kikapu kilichojaa mifupa, kucha, mbegu na visanamu vya mti, kisha husoma kilichojitokeza juu na kilichoegemea ukingoni. Kila kitu kilivyolala ni neno. Mimi ni Mkatoliki, nimewafundisha hesabu watoto wa wafanyakazi wa manganese mpaka nikastaafu, na kwa tahi siendi. Lakini kumcheka siwezi. Mitume walipotafuta wa kuchukua nafasi ya Yuda walipiga kura ikamwangukia Mathia, na mabaharia waliompakia Yona walimjua mwenye kosa kwa njia hiyo hiyo.

Thomas wa Akwino alikwisha kulifikiri jambo hili katika karne ya 13. Alizigawa kura aina tatu: ya kugawa vitu, ya kutafuta shauri la kufanya, na ya kutaka kujua yatakayokuja. Ile ya kwanza haikumtia hofu sana. Mbaya kabisa kwake ilikuwa ya tatu. Basi poka, mchezo wa karata ambao vijana wetu wameanza kuucheza kwenye simu, ni wa aina ipi? Ukiutazama kwa haraka, ni kura ya kugawa: pesa ziko mezani, karata zinaamua nani azibebe. Ningeishia hapo kama nisingemwona mwana wa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, akicheza.

Alirudi kutoka Kolwezi, ambako alichimba kobalti kama wenzake wengi, akiwa na simu nzuri na mgongo mbovu. “Mama mudogo,” akaniambia, “hii haiko bahati, iko akili. Unifundishe tu hesabu yake.” Nikaona afadhali nianze na hesabu kabla ya dhambi, maana kijana ukimwanzia dhambi anaondoka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Karata ni 52. Kila mchezaji anapewa mbili ambazo wengine hawazioni, na ziko namna 1,326 za kupata hizo mbili. Asi mbili, ambazo ndizo bora kuliko zote, zinapatikana kwa namna sita tu, yaani mara moja katika migao 221. Hapo anayeanza hujifunza jambo la kwanza: muda mwingi kazi yako ni kutupa karata na kungoja. Na ukizipata hizo asi, mwenzako akiwa na jozi ndogo, wewe na yeye mkaweka pesa zote kabla karata za katikati, ambazo ni za wote, hazijafunuliwa, utashindwa takriban mara moja katika tano. Mara moja katika tano si ajabu. Mvua ya Januari hukupita pembeni mara nyingi kuliko hapo.

Aliposhindwa hivyo mara mbili kwa jioni moja, alizima simu akasema kuna mtu katika ukoo anamfunga. Alimtaja hata mjomba. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto huyu hachezi kura ya kugawa. Anakaa mbele ya kikapu cha tahi, na kila karata anaisikia ikimwambia habari zake.

Nilimsimulia kuhusu Blaise Pascal na Pierre de Fermat. Mwaka 1654 Wafaransa hao wawili waliandikiana barua juu ya swali dogo: watu wawili wameweka pesa, mchezo umekatika kabla ya mwisho, pesa zigawanywe vipi? Jibu lao ni kwamba usihesabu yaliyokwisha kuchezwa, hesabu njia zilizobaki. Pascal alikuwa mtu wa sala kuliko wengi tuwajuao hapa, na ndiye baadaye aliyemwambia asiyeamini kwamba kumwamini Mungu nako ni kuweka dau. Lakini hakuomba karata imwambie chochote. Kwangu hilo ni tendo la imani: kumwachia Mungu unyamavu wake, usimtie maneno kinywani kila kopa na shupaza zinapofunuliwa. Wahubiri wetu wengine wanaoona ishara katika namba ya gari wangepata faida kwa kucheza meza chache za senti, lakini hilo niliache.

Kuhusu pesa, nilimpa ushauri ambao wachezaji wenyewe hupeana. Kuna meza ambazo dau la lazima ni senti 1 na senti 2 za dola. Kiti kamili, yaani pesa ya kukaa nayo mezani, ni dola 2. Wenye busara wanataka uwe na angalau viti thelathini kama hivyo kabla ya kukaa, yaani dola 60, ili bahati mbaya ya wiki moja isikumalize. Chris Ferguson, Mmarekani, alianza mwaka 2006 bila senti, kwa mashindano ya bure, akajiwekea sheria ya kutokaa mezani na zaidi ya asilimia 5 ya akiba yake, na alifika dola 10,000. (Kampuni aliyokuwa mmoja wa wakurugenzi wake, Full Tilt Poker, ilishindwa mwaka 2011 kuwarudishia wachezaji amana zao. Hilo pia anayeanza alijue: usiache kwa watu pesa unayoihitaji.) Tena kwa huku kwetu, cheza meza moja tu, na uitazame mitandao. Mtandao ukikatika, saa ya mezani haikungojei. Karata zako zinatupwa, na ulichokwisha kuweka kimekwenda.

Dola 60 kwa kijana wa Kisenge ni pesa ya bukari ya nyumba nzima. Katekisimu ya Kanisa, kifungu cha 2413, haisemi kwamba mchezo wa bahati ni dhambi wenyewe. Inasema unakuwa mbaya unapomnyima mtu kile anachohitaji yeye au wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa yake inaweza kumfanya mtu mtumwa. Kwa hiyo mcheza karata mwenye akili na Kanisa wanaufunga mlango uleule: asiye na pesa ya kupoteza abaki kwenye michezo ya bure. Jirani zangu Wamethodisti wanakataza kamari yote, na Waislamu wamekatazwa katika Kurani pamoja na ulevi. Siwabishii. Mimi nimekaa mahali pagumu zaidi, pa kusema “inategemea”.

Naye hakuniacha nikae vizuri. “Na kuchimba?” akaniuliza. “Pale Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu walitoboa sakafu za nyumba zao. Mmoja anapata, mwingine shimo linamfunika. Kanisa lilikataa sadaka yetu?”

Halikukataa. Lakini nilimwonyesha malundo ya manganese. Vita vya Angola vilipoifunga reli ya Benguela mwaka 1975, njia yetu ya kwenda bandari ya Lobito ilikatika, na mji huu ukabaki na mawe usioweza kuyauza. Ni hasara kubwa iliyowala baba zetu. Hata hivyo jasho lao lilitoa kitu ardhini, na kitu hicho kipo. Meza ya poka haitoi kitu. Dola yako ilitoka kwa mtu, tena mwenye meza amekwisha kuchukua chake, karibu asilimia 5 ya pesa zinazoshindaniwa katika meza hizi ndogo.

Atasema mwenzake alikaa kwa hiari. Ndiyo, hata sokoni muuzaji hufaidi ujinga wa mnunuzi, ingawa mnunuzi anaondoka na chumvi. Kinachonisumbua ni ushauri ambao kila mwalimu wa poka hutoa, na ambao ni sahihi: tafuta meza yenye wachezaji dhaifu. Dhaifu ni nani? Ni yule anayeamini karata inamwambia kitu. Ni yule aliyepoteza kwa asi mbili, akaona amelogwa, au akaona zamu yake ya kubarikiwa imefika, akamwaga pesa zote. Ni mwana wa yaya wangu miezi michache iliyopita. Kumponya huyu na ushirikina wake, kisha kumtuma akaishi kwa ushirikina wa wengine, ni kumfanya tahi mwongo: anajua kikapu hakisemi, lakini anapokea kuku.

Nikamwomba jambo moja. Akimwona mtu mezani ameghadhibika na anamwaga pesa, ainuke, atafute meza nyingine.

Alicheka. “Mama mudogo, ni hao ndio wanaleta pesa.”

Kwa hesabu, hakukosea.