Kilichoachwa Si Kilichotupwa



Katika jumuiya zetu ndogo siku hizi kuna maneno mengi juu ya ile mashine ya zamani ya kupasulia magogo iliyolala kwenye uwanja wa mbao. Kutu imeila pembeni na majani yamepanda juu yake. Mafundi wetu wameikagua, wakasema inaweza kufufuliwa. Injini inadai kazi, mipira ya mafuta imepasuka, sili zimekauka, lakini chuma chake bado ni kizima. Mwenyewe hayupo. Aliondoka wakati wa mashambulizi kama wengi walivyoondoka, na hajarudi.

Basi limezuka swali, tena zito: Je, ni halali kwetu kuitengeneza na kuitumia? Wako wanaosema, "Haina mwenyewe, tuichukue." Wengine wanasema, "Ni mali ya mtu, tusiiguse." Na wako wanaosema neno la tatu, kwa sauti ya chini: "Tukiitengeneza, tumekubali kwamba hatutarudi tena kwetu." Maneno yote matatu yana uzito. Tuyatafakari pamoja bila kugombana.

Kuni si jambo dogo

Mtu akisikia watu wazima wanabishana juu ya kuchanja kuni anaweza kucheka. Lakini mama anayepika anajua. Gogo la mwembe mzee au la mkorosho, nyuzi zake zimesokotana, halikubali shoka kirahisi. Kijana mwenye nguvu atalipasua kwa jasho. Je, mjane? Je, mzee aliyefika hapa na wajukuu wanne bila mtoto wake hata mmoja? Hao huishia kuchoma kuni nene na mbichi, na kuni ambazo hazikupasuliwa hukawia kukauka. Moshi unakuwa mwingi, moto unakuwa haba, na kifua cha mama na cha mtoto aliyembeba mgongoni ndicho kinacholipa.

Tena kuni zina hatari ya njiani. Katika kambi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, wanawake wengi walishambuliwa na kubakwa walipokwenda porini kutafuta kuni, hata mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa kuzipatia familia sehemu ya kuni zao pale pale kambini. Kuni zilipotolewa, mashambulizi ya njiani yalipungua, ingawa ukatili wenyewe haukuisha, kwa maana mtu mbaya hatafuti kuni, anatafuta mtu. Tunajifunza mambo mawili. Kuni zilizo karibu ni ulinzi. Na chombo peke yake, hata kiwe kizuri namna gani, hakitengenezi moyo wa jamii.

Mashine yenyewe inafanya nini

Ni vema tujue tunachobishania. Injini inazungusha pampu. Pampu inavuta mafuta kwenye tangi na kuyasukuma kwenye silinda. Ndani ya silinda kuna pistoni, na pistoni inasukuma gogo dhidi ya kabari ya chuma mpaka lipasuke. Siri yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662: ukikandamiza kitu cha maji kilichofungiwa, msukumo ule unaenea kote sawasawa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1795, Mwingereza Joseph Bramah alisajili mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo.

Hesabu yake haina uchawi. Silinda yenye upana wa ndani wa sentimita 10 ina pistoni yenye eneo la sentimita za mraba 78 na nusu. Mafuta yakisukuma kwa nguvu ya kilo 170 katika kila sentimita ya mraba, pistoni inasukuma gogo kwa nguvu ya tani 13 na zaidi. Mafuta ni yale yale yanayotiririka mkononi kama uji mwepesi. Yakifungiwa na kuelekezwa njia moja, mwembe unapasuka.

Haya basi, ni ya nani?

Tuanze na wale wanaosema haina mwenyewe. Ndugu zetu, tuwe waangalifu sana na neno hilo, sisi kuliko watu wengine wote. Toka Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, mpaka Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, na hata baada ya hapo, tumetoka mbio na tulivyovaa. Wengine tulifunga mlango tukauficha ufunguo nguoni. Wengine hatukupata hata nafasi ya kufunga. Nyuma yetu kumebaki cherehani, ngalawa, mabati, mikorosho iliyopandwa na babu zetu, makaburi. Je, vitu hivyo havina mwenyewe? Mtu akipita leo mbele ya nyumba yako, akaona majani yamejaa uani, akasema, "Hii imetupwa, naichukua," utamjibu nini?

Utamwambia: sikuitupa, niliiacha. Na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kiini cha jambo letu. Kutupa kunatokana na hiari ya mtu, lakini sisi tuliacha kwa sababu ya hofu ya kifo. Anayetupa amekata mkono wake na kile kitu. Aliyeacha kwa kukimbia bado anakishika kwa moyo, hata akiwa mbali kilomita mia tatu. Tukisema mashine ile haina mwenyewe, tumejihukumu wenyewe, tumesema na nyumba zetu hazina wenyewe.

Sasa tuwageukie wanaosema tusiiguse. Hawa wana hofu ya Mungu, nasi tunawaheshimu. Lakini tuulize: je, kutogusa ndiko kutunza? Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamwagiza mtu aliyemwona ng'ombe wa nduguye amepotea asijifanye hakumwona. Kama mwenyewe yuko mbali au hajulikani, ampeleke nyumbani kwake, akae naye mpaka mwenyewe atakapomtafuta, kisha amrudishie. Angalieni jambo lililofichika humo. Ng'ombe hatunzwi kwa kufungiwa chumbani. Lazima alishwe, anyweshwe, atembezwe. Aliyemwacha afe njaa, kisha akasema, "Mimi sikumgusa," hakumtendea mwenyewe wema wowote.

Mashine nayo ni hivyo hivyo, hasa huku pwani. Upepo wa bahari una chumvi. Fimbo ya pistoni iliyobaki nje ya silinda inashika kutu na kuwa na mashimo madogo, na siku ikirudi ndani inakata sili kama msasa. Maji yanaingia kwenye tangi, mafuta yanageuka meupe kama maziwa, na pampu inaliwa ndani kwa ndani. Mashine ya namna hii hutunzwa kwa kusafishwa, kuwekewa mafuta mapya na kuwashwa. Kuiacha pale kwa jina la uaminifu ni kuingoja ife, na mwenyewe akirudi atapewa chuma chakavu pamoja na maneno mazuri.

Kwa hiyo tunaona kwamba kuitengeneza ni halali, lakini kama watunzaji, si kama wenye mali. Na mtunzaji hujulikana kwa mambo yake. Kabla ya kufungua nati ya kwanza, viongozi wa mtaa na wazee wa wenyeji waambiwe, waje waone. Iandikwe ilivyokutwa: namba zake, kilichopo, kilichovunjika. Kila kipuri kilichonunuliwa na kila metikali iliyochangwa viandikwe pia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na mwenyewe akija? Apewe mashine yake, na apewe daftari. Tumweleze gharama zetu, tumwombe tuelewane, lakini tusiishike mashine kama rehani mpaka alipe. Wengine watasema hiyo ni hasara. Tuwakumbushe yule mwanafunzi wa manabii katika 2 Wafalme sura ya 6, aliyekuwa akikata mti wa kujengea, chuma cha shoka kikachomoka na kuzama mtoni. Kilio chake hakikuwa juu ya kazi iliyosimama. Alilia kwa sababu shoka lile lilikuwa la kuazima. Huyo ndiye mtu ambaye chuma kilielea mbele yake.

Kutengeneza si kukata tamaa

Neno la tatu ndilo linalouma zaidi. Kuna anayeogopa kupanda mwembe hapa, kwa sababu mwembe unachukua miaka kuzaa, na yeye hataki kuihesabu miaka hiyo. Tunamwelewa. Lakini wazee wetu walipita njia hii kabla yetu. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964 huko Chai, maelfu walivuka Ruvuma kuingia Tanzania. Huko makazi kama Rutamba, mkoani Lindi, yalifunguliwa kwa ajili yao, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanza mwaka huo huo wa 1964, lilikuwa nao. Walifyeka, wakalima, wakajenga. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi. Je, jembe waliloshika ugenini liliwazuia kurudi? Hapana. Liliwarudisha wakiwa hai, na mikono yao ikiwa bado inajua kazi.

Nabii Yeremia naye, katika sura ya 29, aliwaandikia waliohamishwa wajenge, wapande, na wautakie amani mji waliopelekwa. Katika barua ile ile kuna ahadi ya kurudi. Mambo hayo mawili yaliwekwa pamoja, wala moja halikufuta jingine. Fundi anayebadilisha sili hapa hajaisahau nyumba yake. Anaulinda ufundi utakaoijenga tena.

Faida iende kwa nani?

Hapa ndipo uaminifu wetu utakapopimwa, maana mashine huweza kuleta ugomvi kuliko kuni. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, wajane, wazee, wagonjwa na walemavu wapasuliwe bure kabla ya mtu mwingine yeyote. Pili, wenyeji wetu, wengi wao ndugu Wamwani ambao ni Waislamu, wawe na zamu sawa na sisi. Walitupa ardhi na maji walipokuwa wenyewe hawana tele. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tatu, wale vijana wanaochanja kuni kwa shoka ili wapate sabuni na chumvi wasinyang'anywe riziki. Wao wawe wa kwanza kufundishwa mashine, na ujira mdogo utakaotozwa kwa wenye uwezo uwe wao, baada ya kutoa fedha ya dizeli na vipuri.

Nne, msitu. Shoka likichoka, mti unapumzika, mashine haichoki. Kwa hiyo yapasuliwe magogo yaliyokwisha kuanguka au kukatwa kwa halali. Mikoko isiguswe, kwa kuwa ndiyo kitalu cha samaki na ukuta wa pwani. Mpingo nao, unaokua kwa miongo mingi na kuwapa mafundi wetu wa kuchonga riziki na heshima, usiishie jikoni.

Usalama pia ni sehemu ya upendo

Mhubiri, katika sura ya 10, anamwonya mpasua kuni kwamba kazi hiyo inaweza kumdhuru. Tusipuuze. Anayeshika mtaimbo wa mashine awe ndiye anayeweka gogo, mtu mmoja tu, kwa maana wakiwa wawili mmoja atavuta wakati mkono wa mwenzake uko mbele ya kabari. Vitenge na nguo zinazoning'inia vikae mbali, watoto mbali zaidi. Mpira ukivuja, usitafute tundu kwa mkono. Mafuta yenye presha hutoboa ngozi kama sindano, jeraha huonekana dogo, kumbe kidole au mkono mzima unaweza kupotea. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile. Tafuta kwa kipande cha boksi. Na ile valvu inayoachia presha ikizidi, mtu asiikaze ili kupata nguvu zaidi. Iliwekwa pale kuyaokoa maisha yake. Mafuta machafu yasimwagwe karibu na kisima.

Mafundi wanasubiri jibu letu, nasi tumesema yaliyo moyoni. Wako watakaoona vingine, na jumuiya kila moja ijadili kabla ya kukubali kuchanga. Lakini jambo moja tusilibadilishe. Siku mwenye mashine atakapotokea, awe Mkristo au Mwislamu, tajiri au maskini, aikute imepakwa grisi, fimbo ya pistoni inang'aa, na daftari liko tayari. Tumtendee kama tunavyomwomba Mungu kwamba mtu fulani, tusiyemjua, anaitendea nyumba yetu kule tulikotoka.

Bwana awabariki na kuwalinda.