Pumzi ya Dereva na Damu ya Jirani



Wengi wetu tuliingia Uganda mwanzoni mwa mwaka 2008 kupitia Busia na Malaba, tukapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, ndipo tukaletwa Kiryandongo. Vizuizi vya barabarani tunavijua. Wakati ule katika Bonde la Ufa vijana waliziba njia kwa mawe, wakadai vitambulisho ili wajue kabila la mtu. Ndiyo maana vijana wetu wanaotafuta riziki Busia na Tororo kwa pikipiki na malori, wakisimamishwa usiku na kuambiwa wapulize kifaa cha kupima pombe, msako ambao Waganda huuita Kawunyemu, wanatuuliza: Je, ni haki kumpima mtu ambaye hajamgonga yeyote? Na dereva ana haki gani?

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliagiza kwamba anayejenga nyumba azungushe ukuta mdogo huko juu darini, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakungoja mtu aanguke kwanza. Vivyo hivyo, kupimwa kabla ya ajali si kuonewa. Barabara za Malaba na Busia hupitisha malori mchana na usiku, na kando yake anatembea mama mwenye mtoto mgongoni. Mama huyo hawezi kumpima dereva anayemjia. Polisi anapima kwa niaba yake.

Lakini kizuizi cha haki kina alama zake. Kile cha mwaka 2008 kiliuliza: wewe ni nani? Cha haki kinauliza: umefanya nini? Kipimo chake ni kimoja kwa Mteso, Mluhya na Mkongomani. Hapa Uganda kiwango ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu.

Tena ni lazima kisimame juu ya sheria. Kenya ilianza kutumia Alcoblow kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba kanuni iliyotumika haikupatana na kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, kinachomshtaki aliyelewa hata asiweze kuliongoza gari vizuri. Wengine walisema walevi wameshinda. Sisi hatuoni hivyo. Tuliokimbia tunajua hatari ya mwenye nguvu asiyefungwa na sheria, hata akiwa na nia njema.

Kwa hiyo, ndugu dereva, ukikamatwa una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoifahamu. Katiba zote mbili zinasema hivyo. Unapaswa kufikishwa mahakamani upesi: Uganda isizidi saa 48, Kenya kwa kawaida isizidi saa 24. Nawe huna hatia mpaka mahakama ikuone na hatia. Kuuliza haya kwa heshima si ukaidi. Paulo alipofungwa ili apigwe mijeledi, alimuuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa (Matendo 22:25).

Hata hivyo, haki ya kusikilizwa haimpi mtu ruhusa ya kuendesha akiwa amelewa. Aliyekunywa akatoa kitu kidogo ili apite, anadhani amenunua safari yake. Kwa kweli ameuza usalama wa mama yule aliye mbele gizani, na askari aliyepokea ameshiriki naye. Na mzima anayetoa chai ili asicheleweshwe anamfundisha askari kumwachilia mlevi anayefuata.

Mwisho, sheria inaweka kiwango ili mahakama ipate pa kuhukumia. Upendo kwa jirani hauulizi kama tumebakiza miligramu ngapi. Swali letu linaanza kabla ya kizuizi, pale penye chungu cha malwa au chupa ya waragi, funguo zikiwa mfukoni. Anayekunywa asiendeshe. Mwenye pikipiki asimkabidhi aliyelewa, hata akiwa mwanawe. Abiria akinusa pombe, ashuke, na awaambie wenzake washuke.

Tulipokimbia tulilia kwamba damu yetu ilihesabiwa kuwa si kitu. Basi sisi tusiihesabu hivyo damu ya mtu mwingine barabarani. Mungu atulinde sote. Amina.