Je, Mkristo Aweza Kuwa Wakili?



Mara nyingi wazazi hutuuliza: "Kijana wetu ataka kusoma sheria awe wakili. Je, kazi hiyo si kuuza ulimi?" Swali hili si dogo, maana wengi hudhani ya kuwa wakili husema lo lote impendezalo yule amlipaye.

Kwanza na tuitazame Amri ya Nane. Luther mwenyewe alianza kusoma sheria huko Erfurt mwaka 1505, kisha akaingia utawani. Katika Katekisimo Ndogo hakuishia kutukataza uongo tu, bali atufundisha pia kumtetea jirani. Basi kumsemea mtu si dhambi. Hata mwenye hatia yampasa kusikiwa, kwa kuwa mwamuzi asikiaye upande mmoja tu hawezi kuamua kwa haki.

Lakini mpaka wa kazi hiyo uko wapi? Na tutwae mfano. Mwaka 2010 serikali ya Nigeria ilifanya mapatano ya kusafisha gesi na kampuni iitwayo P&ID. Kiwanda hakikujengwa. Kampuni ikadai fidia, wala si mahakamani, bali mbele ya wasuluhishi watatu, kama wafanyavyo wafanya biashara wa mataifa mbalimbali. Nao husikiliza shauri faraghani. Mwaka 2017 wasuluhishi hao waliiamuru Nigeria ilipe dola bilioni 6.6, na kwa riba deni likazidi kukua hata likapita bilioni 11. Nani angalilipa? Ni watu wa Nigeria, maskini kwa matajiri.

Hata mwezi wa Oktoba 2023, huko London, Jaji Robin Knowles wa Mahakama Kuu aliona ya kuwa uamuzi ule ulipatikana kwa udanganyifu. Rushwa ilitolewa, ushahidi wa uongo ulitolewa, tena nyaraka za siri ambazo Nigeria ilishauriana na mawakili wake zilifika mikononi mwa kampuni, nayo ikazishika kimya. Jaji aliwalaumu wanasheria wawili wa upande wa kampuni kwa kutozuia jambo hilo, akasema ya kuwa tamaa ya fedha ndiyo iliyowaongoza.

Angalieni, ndugu: hawakulaumiwa kwa kuisemea kampuni. Walilaumiwa kwa kunyamaza. Twaogopa ulimi wa kukodiwa, kumbe kimya cha kukodiwa chaweza kudhuru kuliko huo.

Labda mtu atasema, "Lakini wakili hana budi kutunza siri ya mteja wake." Ni kweli, hata sisi wachungaji twatunza siri za watu. Lakini kutunza siri ni jambo moja, na kuendelea kuijenga kazi ya udanganyifu ni jambo jingine. Wakili akijua ya kuwa maneno yake yamekuwa chombo cha kumwibia jirani, yampasa kuiacha kesi hiyo, ijapokuwa atapoteza ujira wake wote.

Basi, wazazi, msimzuie kijana. Mwacheni asome, awe kinywa cha wasioweza kujisemea. Ila mfundisheni mapema, angali nyumbani, kurudisha senti asiyostahili kupewa. Asiyejifunza kurudisha senti hatarudisha bilioni.

Mungu atupe mawakili wenye dhamiri safi. Amin.