Mwaliko Wenye Bei

Kadi ya mchango wa harusi hapa Tanzania, iwe ya karatasi au ya WhatsApp, huwa na salamu, namba ya mweka hazina, tarehe ya mwisho, na mara nyingi kiwango: mtu mmoja kiasi hiki, wawili kiasi kile. Asiyefikisha hapati kadi ya kuingilia ukumbini. Hilo nalitazama kama suala la imani, kwa sababu dini zetu mbili kubwa zimelisemea waziwazi. Katika Uislamu, walima ni chakula anachotoa bwana harusi. Kinatoka kwake kwenda kwa watu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimwagiza Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, na yeye mwenyewe alipomwoa Bi Safiyya, watu walikula tende, samli na jibini kavu, bila nyama. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima ambayo matajiri huitwa na maskini huachwa. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamtaka mwenye karamu awaite maskini, vilema na vipofu, kwa kuwa hawana cha kumrudishia.

Watetezi husema kuchangiana ndio ujima wetu. Ni kweli, na ni urithi wa kutunzwa. Zamani jirani alileta pishi la mchele, mwingine mzigo wa kuni, na asiye na kitu alileta mikono yake: alikesha uani akikuna nazi na kumenya vitunguu, moshi ukimtoa machozi. Lakini sahani ilipopakuliwa, hakuna aliyeulizwa alileta nini. Kutoa kulikuwa jambo moja, kula jambo jingine. Kiwango kwenye kadi kimeyafunga pamoja, na hapo mchango umegeuka kiingilio. Wengine hujibu kwamba ukumbi hutoza kwa kila kichwa, hivyo kamati haina la kufanya. Inalo: ipange sherehe kwa fedha iliyopo, si kupanga kwanza kisha kuwatafuta wa kuilipia. Pilau uani inaleta furaha ileile, na ndoa imeshafungwa msikitini au kanisani kabla muziki haujawashwa.

Wanakamati, futeni kiwango kwenye kadi. Ombeni mchango kwa anayeweza, na jirani mwalikeni kwa kuwa ni jirani.