Nyasi za Kupandwa na Deni la Pwani

Mwaka 1982 mwanafalsafa Robert Elliot alitoa hoja inayowatatiza hadi leo wanaorejesha mazingira: mandhari iliyoharibiwa kisha ikatengenezwa upya ni kama mchoro wa kughushi. Hata ifanane vipi na ile ya awali, imekosa asili yake, na thamani ya asili hiyo hairudi. Hoja hii inafaa kupimwa Louisiana, Marekani, ambako takriban kilomita za mraba 4,800 za ardhi ya pwani ziligeuka maji kati ya 1932 na 2016. Mto Mississippi ulizuiwa kwa matuta, tope lake likaacha kulisha vinamasi, na mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mafuta ikaingiza maji ya chumvi hadi ndani. Sasa watu hupanda huko nyasi za kienyeji, Spartina alterniflora. Je, wanairejesha pwani au wanaighushi?

Nasema hawaghushi, kwa sababu kinamasi hakitengenezwi na mpandaji. Yeye hugawa mashina yenye mizizi kitaluni, maana mbegu zikikauka hufa, kisha huyachomeka kwenye tope. Kazi iliyobaki si yake. Majani hutoa chumvi kupitia tezi ndogo, hata chembe zake huonekana zimeganda juu ya jani. Hewa hushuka ndani ya shina hadi kwenye mizizi iliyozama katika tope lisilo na oksijeni. Mabua hupunguza kasi ya maji, tope hutua, na ardhi huinuka kidogo kidogo. Mchoro wa kughushi hukamilishwa na mghushi mwenyewe. Kinamasi hiki hukamilishwa na nguvu zilezile zilizofanya kile cha kwanza, na anayeamini kuwa nguvu hizo ni za Mungu ataona kwamba mpandaji hakujitwalia nafasi ya Muumba.

Hata hivyo, wema haumo ndani ya mmea. Nyasi hizihizi zilipelekwa China mwaka 1979 ili kuzuia mmomonyoko, zikaenea mno na kufunika matope ambamo ndege wa pwani hutafuta chakula. Kwa hiyo kupanda kunakuwa haki pale tu kunapozingatia mahali na viumbe wake.

Wasiwasi mzito wa Elliot ulikuwa juu ya wachimba madini wanaoahidi kurejesha ili waruhusiwe kuharibu. Hapo nakubaliana naye kabisa. Uharibifu ni deni, na dawa ya deni ni kulipa, lakini kulipa la jana hakumpi mtu ruhusa ya kupora leo.

Wengine watauliza: kwa nini kujisumbua, ikiwa bahari inazidi kupanda? Uislamu umekwisha kulijibu swali hilo: mwenye mche mkononi ameagizwa aupande hata kama Kiyama kimefika. Wajibu haupimwi kwa urefu wa maisha ya kilichopandwa. Hupimwa kwa alichofanyiwa aliyedhulumiwa, na pwani ya Louisiana imedhulumiwa na watu, hivyo ni watu wanaopaswa kuinama topeni.